TCG Anadolu: Meli iliyojengwa kwa ajili ya jeti za kivita za F-35, ikanyimwa, sasa inarusha droni (uzi mrefu, wapenzi wa mambo ya kijeshi karibuni)

#1 Kipanga_Bara (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa jana watu wamebishana hadi usiku wa manane kuhusu meli ya Mturuki inayorusha droni, mmoja anasema ndo mwisho wa manowari za Mmarekani, mwingine anasema ni picha za kampeni tu hamna kitu, nikaona kujibu kule kwenye komenti ni kupoteza nguvu bora nifungue uzi kabisa tuongee kwa nafasi. Natumia simu kwa hiyo nitashusha vipande vipande. Wale wa "fupisha mkuu" piteni kimya kimya, hamjalazimishwa.

Meli inaitwa TCG Anadolu, namba L-400. Imejengwa Tuzla, Istanbul, kwenye kiwanda cha Sedef, ila ramani ni ya Mhispania, kampuni ya Navantia, yaani imetokana moja kwa moja na meli ya Hispania iitwayo Juan Carlos I. Urefu mita 231 hivi, upana 32, ikibeba kila kitu inacheza kwenye tani 27,000. Mkataba ulisainiwa 2015, chuma cha kwanza kikakatwa 2016, ikaingizwa majini 2019, ikakabidhiwa jeshi la wanamaji tarehe 10 Aprili 2023.

Watu wanaiita "meli ya kubeba ndege" na hapo ndo ubishi wote unapoanzia. Kazi yake ya kwanza ni kushusha jeshi ufukweni. Inabeba kikosi kizima cha wanamaji, watu kama 700, pamoja na vifaru, magari ya deraya yanayoogelea, malori, helikopta, ina hadi hospitali ndani. Nyuma ina mlango mkubwa, na nyuma ya mlango kuna bwawa tumboni mwa meli. Wakitaka kushusha watu, meli inaingiza maji kwenye matangi yake, nyuma inazama kidogo, bwawa linajaa, boti za kushushia zinaelea zenyewe humo ndani na kutoka kuelekea pwani. Hiyo ndo kazi. Ndege zilikuwa za kuwalinda hao wanaoshuka.

Ngoja nile nirudi.

#2 mama_Sabuni

Siti ya mbele. Sijui chochote kuhusu manowari ila huyu jamaa nyuzi zake huwa hazina longolongo.

#3 Sultani_Kimya

Mkuu usitupotezee muda na bwawa, sema tu ukweli kwamba Erdoğan kawapiga bao Wamarekani. Walimnyima F-35 akatengeneza yake. Mwisho wa uzi 😂

#4 Kipanga_Bara

Sultani tulia, unakimbilia mwisho kama unadaiwa nauli.

Haya, F-35. Mbele ya hiyo meli sitaha, yaani sakafu ya juu, imeinuka, ule mwinuko ni nyuzi 12. Haukuwekwa kwa urembo. Meli haina mtambo wa kurusha ndege kama zile kubwa za Mmarekani, na haina waya za kunasia ndege inapotua. Kwa hiyo ndege pekee ya kivita yenye rubani iliyofaa pale ni ile inayopaa kwa kukimbia kidogo, ikapanda kilima, na ikirudi inashuka wima kama helikopta. Zamani hiyo kazi ilikuwa ya Harrier, siku hizi ni F-35B, aina ya F-35 inayotua wima. Mhispania yeye bado anatumia Harrier zake kwenye Juan Carlos. Muaustralia alinunua ramani hiyo hiyo akajenga meli mbili, kilima kikabaki japo hana mpango wa kurusha jeti pale, kukiondoa kungekuwa gharama kuliko kukiacha.

Mturuki alikuwa ndani ya mradi wa F-35, si mteja tu, viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza vipande vya ndege hiyo. Kisha akanunua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi. Marekani ikamwambia huwezi kuwa na vyote viwili, maana rada ya Mrusi ikikaa karibu na F-35 kila siku itajifunza namna ya kuiona. Akakomaa. Julai 2019 mitambo ya kwanza inatua Ankara, na Julai hiyo hiyo wanamtoa kwenye mradi. Hadi leo anadai dola bilioni 1.4 alizokuwa ameshalipa.

Angalia miaka sasa. Meli imeingizwa majini 2019, ndege imeondoka 2019. Yaani umemaliza banda la gari la kisasa, ukapigiwa simu kwamba gari haliji, sasa una banda na unaangalia bodaboda ya mdogo wako unajiuliza itakaaje humo.

#5 Sultani_Kimya

Droni iliyopiga vifaru vya Mrusi ndo unaiita bodaboda? Sawa.

#6 Kipanga_Bara

Hahaha nakuja huko. Hoja yangu ya uzi huu naiweka mapema ili mnipige vizuri: droni kwenye Anadolu zilikuwa kiraka. Kiraka kizuri, kimeshonwa na fundi anayejua kazi, na sasa wengine wanakiiga, ila msije mkaniambia kwamba 2015 kuna mtu alikaa mezani akasema tujenge meli ya droni. Hapana. Walijenga meli ya F-35B.

#7 Jirani_wa_Likoni

Mimi niko Mombasa, nimefuata mpaka hapa. Sasa hizo droni si ndo zile TB2 tunazoonaga zikipiga huko Somalia na Ethiopia? Zinaruka vipi kwa meli na mabawa marefu vile?

#8 Kipanga_Bara

Swali zuri kaka. TB2 ni ndege ya nchi kavu. Mabawa mita 12, uzito wa juu kama kilo 700, silaha inabeba kilo 150 tu. Kampuni ya Baykar, ile ambayo mkuu wake wa teknolojia ni Selçuk Bayraktar, mkwe wa Erdoğan, ikatengeneza nyingine mahsusi kwa ajili ya meli, TB3. Hii mabawa ni mita 14 lakini yanakunjwa, kwa hiyo chini kwenye ghala unazipanga nyingi. Uzito wa juu umepanda mara mbili ya TB2, silaha kilo 280, sehemu sita za kuning'iniza. Injini ni ya Kituruki, PD-170 ya kampuni ya TEI. Miguu imeimarishwa kwa sababu kutua melini si kutua, ni kupigizwa. Na ina mawasiliano ya setilaiti, kwa hiyo haifungwi na umbali wa antena ya meli.

Habari ya injini msiipite haraka. TB2 ilikuwa inatumia injini ya Rotax ya Austria na kamera kutoka Canada. 2020 kwenye vita vya Karabakh, vya Azerbaijan na Armenia, hao wawili wakakata kuuza. Kamera wakahamia za kampuni yao ya Aselsan, na TB3 ikaja na injini ya TEI. Kila wakinyimwa kitu wanakaa chini wanatengeneza, hilo nawapa. Ila Kızılelma, ile droni ya jeti, bado injini zake zimetoka Ukraine, kwa hiyo safari haijaisha.

Tarehe sasa. TB3 iliruka mara ya kwanza Oktoba 2023. Baadaye wakajenga kilima cha nyuzi 12 nchi kavu kule Keşan, upande wa Edirne, wakawa wanaipandisha hapo ardhini mwaka 2024 mpaka wakaridhika. Tarehe 19 Novemba 2024 ikapaa kutoka Anadolu yenyewe, ikazunguka, ikarudi na kutua hapo hapo sitahani bila waya, kwa breki zake tu. Meli fupi kama hii isiyo na waya wala mtambo wa kurushia, droni yenye mabawa ya ukubwa huo kupaa na kutua, hakuna aliyekuwa amefanya.

#9 Chuma_Hakiozi

Naomba nichangie maana hii ndo sehemu yangu. Mimi ni baharia, meli za mizigo, si jeshi. Tuzla nimekaa, meli yetu ilikuwa juu ya chelezo pale inakwanguliwa tumbo na kupigwa rangi, na wakati huo Anadolu ilikuwa bado kiwandani. Ukiiangalia kwa mbali pua yake inakuchanganya, unaona meli imekatika mbele imeangalia juu. Mafundi wa pale walikuwa wanatuambia tu "gemi, gemi", meli, meli, huku wanaonyesha kidole kama mtu anaonyesha mtoto wake anayesoma chuo.

Sasa kuhusu kutua bila waya watu wanaona ni muujiza ila kuna upepo hapa. Ndege haijali inaenda kasi gani juu ya sakafu, inajali kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa. Nahodha anageuza meli iangalie upepo anakanyaga mwendo wote, Anadolu inafika kama kilomita 38 kwa saa, na upepo nao uwe unakuja kilomita 25 kwa saa, hapo droni imesimama tu sitahani tayari mabawa yake yanaona kilomita 63. Ikija kutua ni hivyo hivyo, inatua kwa mwendo mdogo sana ukilinganisha na sitaha. Kwa droni nyepesi ya propela inawezekana. Kwa jeti nzito sahau.

Shida ni siku bahari imechafuka. Nyuma ya meli ndefu inapanda na kushuka, mita kadhaa, na inayumba ubavuni wakati huo huo. Ile programu ya kuitua droni ndo inatakiwa isome mchezo huo na kuchagua sekunde. Ikikosea hakuna wa kumlaumu maana hakuna rubani 😅. Halafu chumvi. Watu wa nchi kavu hawaelewi chumvi. Injini, bawaba za kukunjia mabawa, lenzi ya kamera, kila kitu kinataka kuoshwa kwa maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kila ikirudi, na maji baridi melini unayatengeneza mwenyewe.

#10 mama_Sabuni

Chuma ubarikiwe, hiyo ya upepo nimeielewa kuliko darasani.

#11 MtuMzimaHovyo

Mimi ndo yule niliyesema jana ni maigizo ya uchaguzi na narudia. Imekabidhiwa Aprili 2023, uchaguzi Mei 2023. Mara wakaifunga pale katikati ya mji watu wapande kupiga picha. Droni yenyewe imekuja kutua mwaka mmoja na nusu baadaye. Sasa siku ya kukabidhi zile droni zilizopangwa sitahani zilikuwa za nini kama si mapambo?

#12 dogo_wa_Fatih

Nilikuwepo wakuu, nasoma Istanbul. Ilifungwa Sarayburnu, pale chini ya kasri la Topkapı, ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani. Foleni ilikuwa inatambaa ukingo wa bahari mpaka huko Sirkeci, watu wamefunga, watoto wamejifunika bendera, wazee wamekalia vibao, na hakuna aliyekuwa anaondoka. Mimi nilienda na jamaa wawili Wasomali na mmoja wa Zanzibar, tumepanda mchana umeshaisha.

Tulipitishwa ndani kwanza kwenye ghala la magari, lile ni kubwa ukiongea sauti inarudi, yapo yale magari ya deraya ya wanamaji yanaitwa ZAHA, yana pua ya boti. Halafu juu. Sakafu ya sitaha ni ya kukwaruza, viatu vyangu vya soli laini viliisha siku ile. TB3 ilikuwepo na Kızılelma ilikuwepo, tukazunguka kwa nje ya kamba. Kilichonishangaza kwa TB3 ni miguu, minene kwa ndege ndogo vile, ukizoea TB2 kwenye picha unaona kabisa hii imekuja kupigizwa kama alivyosema Kipanga. Na kile kilima mbele, picha zinadanganya, ukisimama chini yake huioni bahari tena, kinakuziba. Walikizungushia kamba hatukuruhusiwa kupanda.

Kuhusu uchaguzi, nisiwe muongo, kila kona ya mji ilikuwa ni mabango ya kampeni na meli ilikuwa humo humo. Lakini wale wazee kwenye foleni wengine walikuwa wa upinzani kabisa, mmoja katuambia kwamba meli si ya mtu ni ya kodi yake.

#13 MtuMzimaHovyo

Asante dogo kwa ukweli. Kipanga umeona? Mapambo.

#14 Kipanga_Bara

Sijakataa kwamba mwanasiasa alipiga picha, mwanasiasa gani asiyepiga picha mbele ya daraja jipya? Sisi wenyewe SGR tuliipiga picha kabla haijabeba abiria, na walioijenga kuanzia Dar ni hao hao Waturuki, Yapı Merkezi. Ila picha ya 2023 haifuti kutua kwa Novemba 2024. Na 2025 kwenye mazoezi yao ya Denizkurdu ikapaa kutoka melini na kupiga shabaha kwa mabomu ya MAM-L. Mapambo hayapigi.

#15 MtuMzimaHovyo

Sawa inapiga. Inapiga nini? Kilo 280. F-35B inabeba tani 6 na ushee, inaenda kasi kuliko sauti na rada haiioni vizuri. TB3 haifiki hata kilomita 300 kwa saa. Houthi pale Yemen wasio na jeshi la anga la maana wameziangusha droni za MQ-9 za Mmarekani mpaka imekuwa mazoea, na MQ-9 ni kubwa na ghali kuliko TB3. Ukraine nako TB2 zilivuma miezi ya mwanzo 2022, Mrusi alipopanga vizuri mitambo yake zikapotea mbele ya vita. Sasa hiyo meli ikienda kwa adui mwenye makombora ya kutungulia ndege, droni zinaenda kufanya nini?

#16 Sultani_Kimya

Na zile boti za Mrusi Kisiwa cha Nyoka, kile cha Ukraine kwenye Bahari Nyeusi, zilizama zenyewe? Mei 2022 TB2 imepiga pale boti, imepiga helikopta imetua, video zipo.

#17 Kipanga_Bara

Sultani uko sahihi kwa Kisiwa cha Nyoka na MtuMzima uko sahihi kwa mengine yote, na hapa ndo patamu kwa hiyo nitakaa kidogo.

MtuMzima anauliza TB3 itaivunjaje ngome ya adui. Haiivunji. Ukiiangalia kama mbadala wa F-35B utaicheka hadi kesho, na mwenyewe ndo maana nimeita kiraka. Iangalie kama jicho. Meli ya kivita popote ilipo ina tatizo moja la dunia kuwa duara, rada yake ikiwa juu ya mlingoti inaiona meli nyingine iliyo chini pale kilomita 30, 40, baada ya hapo mwenzako yuko nyuma ya mgongo wa bahari. Wakati huo huo kombora la Mturuki la kupigia meli, Atmaca, linafika zaidi ya kilomita 200. Una mkono mrefu na macho mafupi. Unahitaji kitu juu kikuonyeshe. Helikopta inaweza, ila baada ya saa tatu nne inataka mafuta na marubani wanataka kulala. TB3 inakaa juu zaidi ya saa 20. Ukiwa nazo nne tu unazungusha, eneo lote la mashariki ya Mediterania unaliangalia mchana na usiku, nani katoka bandari gani, nani anachimba gesi wapi, nani kageuka. Wanaojua Mturuki na Mgiriki wanavyogombania bahari ile wanajua hapo pana bei gani.

Na kwa kazi ya kushusha watu ufukweni, kamanda anajua nyuma ya kile kichaka kuna nini kabla hajamtuma kijana wa mtu. Kamera ikiona kundi la mizinga midogo, zile kilo 280 zinatosha kabisa. Sasa weka pembeni yake helikopta za Super Cobra, nazo zilihamishwa kutoka jeshi la nchi kavu kwenda kwa wanamaji kwa ajili ya meli hii, una kitu cha kueleweka kwa adui wa wastani. Adui mkubwa, hapana. Meli yenyewe kujilinda ina mizinga ya Phalanx na vile vidogo vya milimita 25, basi. Bila manowari nyingine kuizunguka haitoki kwenda mahali pa hatari.

Ilisemwa na wakubwa wa viwanda vyao vya ulinzi kwamba itabeba droni 30 hadi 50 na kuongoza 10 kwa wakati mmoja. Ya 30 hadi 50 ni hesabu ya kupanga ghalani. Mimi nayapa uzito hayo 10 ya kuongoza, maana kila droni iliyo juu inataka watu wake kwenye chumba cha kuongozea, inataka masafa ya mawasiliano, inataka mtu wa kuangalia picha na kusema hiki ni kifaru hiki ni trekta. Droni haina rubani ndani yake, ila ina watu wengi chini.

#18 Chuma_Hakiozi

Hiyo ya mwisho iandikwe kwa herufi kubwa. Watu wanadhani hakuna rubani maana yake hakuna mshahara.

#19 Jirani_wa_Likoni

Na huku kwetu je? Nilisikia hiyo meli ilikuja mpaka Mogadishu 2024 kutafuta mafuta.

#20 Kipanga_Bara

Iliyokuja Oktoba 2024 ni Oruç Reis, meli ya utafiti wa chini ya bahari, inavuta nyaya ndefu za kupimia miamba, ikasindikizwa na manowari za kawaida. Hiyo ilitokana na makubaliano ya mwaka 2024 kati ya Uturuki na Somalia, ulinzi wa baharini na rasilimali. Kambi yao ya kufundishia askari ya TURKSOM pale Mogadishu ipo tangu 2017. Kwa hiyo Mturuki kwenye bahari hii ya kwetu yupo, tena si kidogo, lakini Anadolu siyo iliyokuja.

Ila fikiria kidogo, maharamia wa pwani ya Somalia walikuwa wanatafutwa kwa helikopta na ndege za doria zinazotoka Djibouti. Meli yenye TB3 nne ikielea huko nje, boti ndogo ya maharamia iliyobeba ngazi ya kupandia meli utaiona tangu asubuhi. Kwa kazi hiyo TB3 ni bora kuliko F-35, bei ya kuirusha saa moja tu inakuambia.

#21 dogo_wa_Fatih

Mkuu gusia na wengine, kuna Iran na China, huku darasani wanabishana kila siku.

#22 Kipanga_Bara

Haraka haraka maana chaji inaisha.

Iran alichukua meli ya makontena akaigeuza, inaitwa Shahid Bagheri, ikakabidhiwa kwa wanamaji wa Walinzi wa Mapinduzi Februari 2025. Njia ya kurukia mita 180 na kilima mbele, imepinda pembeni kukwepa jengo la meli. Ni bei rahisi, lakini meli ya biashara haijengwi kupigwa, haina vyumba vidogo vidogo vya kuzuia maji na moto kama manowari.

Mkorea wa kusini Novemba 2024, wiki moja kabla ya Mturuki, alirusha droni ya Kimarekani kutoka meli yake ya kushusha majeshi, Dokdo. Ikapaa vizuri ila ikaenda kutua nchi kavu. Muingereza Novemba 2023 alipaisha na kutua droni ya Mojave kwenye HMS Prince of Wales, ila ile ni meli kubwa yenye sitaha ya kucheza mpira. Mmarekani ndo mkongwe, droni yake X-47B ilirushwa na kutua kwenye USS George H.W. Bush 2013, jeti kabisa, kwa mtambo na waya, kisha wakauweka mradi kabatini.

Mchina ndo wa kuogopa. Meli yake Sichuan, iliingizwa majini Shanghai Desemba 2024, zaidi ya tani 40,000, ina bwawa la boti nyuma kama Anadolu, lakini juu ina mtambo wa sumaku umeme wa kurusha ndege na waya za kunasia. Huyo hakuweka kiraka. Huyo ndo alikaa mezani tangu mwanzo akasema nataka meli ya kushusha jeshi inayorusha droni nzito za jeti. Mturuki akitaka kuipandisha Kızılelma kwenye Anadolu yenye kilima tu atapata shida ile ile aliyoieleza Chuma, ni nzito mara kadhaa kuliko TB3 na inakuja kwa kasi. Ndo maana Januari 2025 wamekata chuma cha meli nyingine kabisa, MUGEM, mita 285, tani 60,000, hiyo ndo meli ya ndege ya kweli.

#23 Sultani_Kimya

Kwa hiyo umekubali kwamba Mturuki anajenga meli ya tani 60,000 na sisi tunajadili.

#24 mtoto_wa_Kigamboni

Nauliza kwa nia njema, kwa nini sisi tusinunue moja ndogo? Pwani yetu ndefu, meli za uvuvi haramu kila siku.

#25 Chuma_Hakiozi

Dogo, meli ile inatajwa kwenye dola bilioni moja, hapo hujanunua helikopta, hujanunua droni, hujanunua manowari za kuilinda, hujalipa watu 260 wa kuiendesha tu bila askari. Na ikifika miaka mitano inataka kupandishwa juu ikwanguliwe, chelezo ya mita 231 utaitoa wapi hapa? Kwa uvuvi haramu unataka droni zinazoruka kutoka Mtwara, Mafia na Tanga, nchi kavu, na boti tatu nne za kasi zenye mafuta. Yenye mafuta, nasisitiza.

#26 Kipanga_Bara

Chuma kamaliza. Mwenye uwanja wa ndege karibu na bahari yake hana haja ya kuubeba uwanja baharini. Mturuki mwenyewe kwenye Aegean hahitaji Anadolu, anaruka kutoka nyumbani. Anaihitaji akitoka kwenda mbali, Libya, Pembe ya Afrika, huko.

#27 MtuMzimaHovyo

Mimi bado nasema mapambo. Ila mapambo yanayoona mbali.

#28 mama_Sabuni

😂😂 huyu hashindwi. Kipanga lete uzi wa Sichuan basi, na uchaji simu kabla hujaanza.

#29 Kipanga_Bara

Jumamosi mama. Umeme ukiwepo.